Mstari kwanza, picha baadaye: maongezi yangu kuhusu kurasa za vitabu vya Waajemi

Wengi mlinipigia simu mkasema mvua ya Jumamosi iliwafungia njia, wengine mliambiwa saa kumi mkafika saa kumi na mbili watu washakunja viti. Basi nimekaa nikayaandika yote vile nilivyoyasema. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani siziweki hapa, nimejaribu kuzieleza kwa maneno.

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni. Kina mama, maustadh, na nyinyi wadogo zangu wa grafiki mliojificha huko nyuma na simu zenu, habari za jioni.

Niseme ukweli mapema, mimi si msomi wa mambo haya. Mimi ni mwandika vibao. Mkono huu umeandika "Leo Pesa Kesho Mkopo" mara nyingi mpaka nikilala unaandika wenyewe. Lakini miaka kama kumi na mbili sasa nina ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni kurasa za vitabu vya Waajemi vya kuandikwa kwa mkono, na leo nimekuja kuwaambukiza.

Kisa kidogo kwanza. Nilipokuwa kijana nilipewa kazi ya kibao cha duka la dawa. Nikapaka bati rangi nyeupe, likakauka, nikajiona fundi bwana, mistari ya nini? Nikaanza kwa mbwembwe, D kubwa, U kubwa, nikafika mwisho wa bati neno halijaisha, ile A ya mwisho ya DAWA nikaibana pembeni kama mtu aliyening'inia mlangoni mwa matatu. Mwenye duka hakunilipa hata shilingi, na watoto wa mtaa walikaa mwaka mzima wakisoma kwa sauti "duka la daw". Fundi wangu, Mungu amrehemu, hakunigombeza. Alisimama, akaliangalia bati, akaniuliza: mstari uko wapi?

Mstari uko wapi? Lishikeni hilo swali.

Sasa kurasa zenyewe ni za wapi? Ninazosemea ni za kuanzia karne ya 14 mpaka ya 17 hivi, miji kama Tabriz, Shiraz, Qazvin na Isfahan kule Iran ya leo, Baghdad, na Herat ambayo saivi iko Afghanistan. Najua humu ndani kuna watakaosema babu zao walitoka Shiraz, ugomvi huo leo siuingii, mtaumalizia kwenye kahawa. Mimi nna kitu cha uhakika zaidi, nacho kimo midomoni mwenu. Ukisema rangi umesema Kiajemi. Ukisema bustani umesema Kiajemi, na Bustan ni kitabu cha mashairi cha Saadi wa Shiraz, alikimaliza mwaka 1257, ntakirudia. Bibi harusi akivaa nguo ya zari, basi zar ndiyo dhahabu kwa Kiajemi, na wale mafundi walikuwa na kazi wakiiita zarafshan, kunyunyizia karatasi chembe za dhahabu kama unavyonyunyiza chumvi kwenye muhogo. Kwa hiyo msikae hapa kama wageni wanaochungulia dirisha la watu.

Haya, tuanze na khati, yaani mwandiko wenyewe. Mtu akioneshwa ukurasa kama huu macho yanakimbilia picha, farasi, mfalme, mtu kakaa chini ya mti wa maua. Wenyewe walikuwa hawaoni hivo. Kwao mwenye khati ndiye bwana mkubwa, mchoraji alikuja nyuma yake. Mwandishi akimaliza kitabu anatia jina lake ukurasa wa mwisho, na mwaka, anajiita fakiri, mja mnyonge mwenye madhambi, huku khati yake inatamba kama tausi.

Khati iliyobeba mashairi yao inaitwa nastaliki. Baba yake anatajwa kuwa Mir Ali wa Tabriz, karne ya 14. Husimuliwa kwamba alimuota Sayyidna Ali akamwambia, kawatazame mabata bukini wanavyoruka. Ndoto ni ndoto, lakini hebu chukua neno moja la nastaliki ulitazame bila haraka. Neno halikai sakafuni. Linaanzia juu kulia linateremka kushoto, kama ndege anayetaka kutua, na herufi ya mwisho inafunguka chini, pana, kama tumbo la bata. Alafu kuna zile herufi za kuvutwa, inavutwa, inavutwa, imeanza nyembamba kama unywele, inanenepa katikati, inakonda tena inapotoka, na yote hiyo ni kalamu moja ya tete, hakuna kubadilisha kitu, ni vidole tu vinaigeuza kidogo. Vipimo vyao ni nukta. Unaigonga kalamu karatasini unapata kipande kidogo cha pembe nne, hiyo ndiyo rula yako. Alifu ya nastaliki ni nukta tatu. Ukizidisha, kila mwenye jicho atakuona.

Kitabu cha Mir Ali kipo, si hadithi. Kiko London, Maktaba ya Uingereza, mashairi ya Khwaju wa Kirman, aliyaandika Baghdad mwaka 1396. Na ndani ya kitabu hichohicho kuna picha ya chumba cha maharusi, na mchoraji wake Junayd kalitia jina lake kwenye dirisha. Kwenye dirisha! Mwenye khati anatia jina waziwazi, mchoraji anapenyeza lake pale juu dogo kama mtu anayepitisha barua. Hiyo ni moja ya picha za mwanzo kabisa za Kiajemi zenye jina la aliyezichora.

Najua kuna mdogo wangu pale anasema moyoni, mzee si kuna fonti? Zipo. Lakini mjue zilivyopatikana. Kiurdu pia kinaandikwa kwa nastaliki, na kule Pakistan magazeti yalikuwa yakiandikwa kwa mkono, makatibu wamejipanga na kalamu zao kila usiku, mpaka kuingia miaka ya 1980. Mashine ilishindwa, kwa sababu herufi moja inabadilika umbo kufuata jirani yake, na inasimama juu au chini kufuata zilizo nyuma yake. Mwaka 1981 ndiyo ikaja fonti ya Noori, na njia aliyopita Mirza Ahmed Jamil ni kuandika kwa mkono vifungu vya herufi zilizoungana karibu 20,000, kimoja kimoja, vikatiwa kwenye mashine. Maana yake kompyuta haikujua nastaliki, ilikopeshwa mkono wa mtu.

Twende jikoni sasa, maana hapa ndipo mimi nnapopapenda.

Karatasi mbichi inakunywa wino, wanafunzi wa zamani mnajua, unaandika herufi inachanua kama ukungu. Kwa hiyo waliipaka uji wa wanga, ikauke, alafu waisugue kwa jiwe laini kama la akiki, juu chini, juu chini, mpaka iteleze. Ukishika ukurasa wa namna hiyo kwenye mwanga unang'aa kama ganda la yai. Wino ni masizi ya taa, wazee mliosoma chuoni kwa ubao mnaujua. Na Waajemi wana ubeti wao wa kupimia: uzito wa masizi ni sawa na zaji, uzito wa hivyo viwili ni sawa na mazu, uzito wa vyote vitatu ni sawa na gundi, na baada ya hapo nguvu za mkono. Zaji ni chumvi ya madini, mazu ni yale matumba magumu yanayoota kwenye mti wa mwaloni wadudu wakiutoboa. Gundi nimepata, masizi nimepata, mazu sikupata, nikajaribu hivohivo jikoni kwetu na sufuria ya mke wangu. Hiyo "nguvu za mkono" sikuijua maana yake mpaka siku ile, nimetwanga tangu baada ya adhuhuri mpaka adhana ya magharibi, na sufuria mpaka leo ni yangu mwenyewe, hakuna anayeitaka.

Na rangi? Buluu ni jiwe la lajuwardi kutoka Badakhshan, huko Afghanistan, linasagwa na kuoshwa mpaka libaki buluu tupu. Dhahabu inapondwa na gundi hadi inachoteka kwa brashi. Kijani cha kutu ya shaba kizuri sana lakini kina tabia mbaya, kinakula karatasi kama mchwa, ukifungua kitabu cha miaka mia nne unakuta pale penye kijani pana tundu. Ndiyo wakajifunza kutia zafarani kidogo ndani yake kukituliza. Na fedha, walipaka fedha kwenye mito na bahari, ikimetameta kweli wakati ule, leo imegeuka nyeusi. Kwa hiyo mkiona picha ya Kiajemi mto mweusi tii msiseme mchoraji alikosea, yale yalikuwa maji ya kung'aa.

Lakini kabla ya yote hayo, mstari uko wapi?

Huu hapa. (Hapa niliinua kile kipande cha boksi.) Wao walikiita mistar, na nyinyi mnaposema mstari mnalisema neno hilohilo, ni la Kiarabu. Unachukua ubao mwembamba au karatasi ngumu, unatoboa matundu pande mbili, unapitisha uzi ukazike kama nyuzi za udi. Unaweka ukurasa wako mtupu juu yake, unapitisha kidole gumba kila uzi. Basi. Hakuna penseli, hakuna kufuta. Karatasi inabaki na tuta dogo ambalo unaliona taa ikiwa ubavuni, na msomaji hataliona kamwe. Kitabu kizima, kurasa mia tano, kila ukurasa unapitishwa kwenye ubao uleule, kwa hiyo mistari yote ya kitabu inakaa juu ya mistari yote. Nafasi ya picha inaachwa, mwandishi anaruka, anaendelea. Mchoraji anakuja kukuta chumba chake kimeshajengwa.

Na hii inanipeleka kwenye jambo jengine, kwamba ukurasa mmoja si wa mtu mmoja. Jamani tumezoea fundi peke yake na njaa yake. Huko Herat mwanamfalme Baysunghur, mjukuu wa Timur, alikuwa na karakana nzima ya vitabu, wakiiita kitabkhana, na msimamizi wake alikuwa Jafar wa Tabriz, mwenyewe khattati, ndiye aliyeiandika ile nakala ya mwaka 1430 ya Shahnama, yaani Kitabu cha Wafalme, lile shairi refu la Waajemi, iliyoko kasri la Golestan kule Tehran. Sasa huyu Jafar alimwandikia bosi wake ripoti ya kazi, na ripoti imepona, iko Istanbul. Mimi nilipoisoma tafsiri yake nilicheka mpaka nikatoka machozi maana ni ripoti ya karakana yoyote unayoijua. Fulani kamaliza kupaka fedha kwenye picha mbili za bahari, sasa anaingia kwenye rangi. Fulani anachora nakshi za ukurasa wa mbele wa Shahnama, siku kadhaa alikuwa anaumwa macho. Anaumwa macho! Miaka 600 hii, watawala wamekufa na majeshi yao, na sisi tunajua kwamba Maulana Ali macho yalimuuma na kazi ikachelewa. Nani kati yenu hajamwambia mteja hivo?

Nitawapa ukurasa mmoja tuutazame kwa karibu. Nimesema Bustan ya Saadi. Kuna nakala ya mwaka 1488, ya Herat, iko Misri, Cairo, maktaba ya taifa. Khati ni ya Sultan Ali wa Mashhad, picha ni za Bihzad. Kisa mnakijua, Nabii Yusuf na Zulekha. Zulekha kajenga kasri, anamuingiza Yusuf chumba baada ya chumba na kila wakipita mlango anaufunga. Mchoraji mwengine angewachora wawili wakubwa katikati na mapambano. Bihzad kachora nyumba. Ngazi inapanda kulia, inageuka, mlango umefungwa, ukuta wa vigae, ngazi nyengine, mlango umefungwa, kibaraza, mlango umefungwa, na jicho lako linapanda mwenyewe bila kuambiwa linagonga mlango linageuka, na huko juu kabisa ndipo unawakuta, Zulekha na nguo nyekundu anamshika, Yusuf na kanzu ya kijani anachomoka, kichwani ana mwali wa nuru. Nyumba yote hakuna mtu mwengine. Hakuna mtumishi, hakuna paka. Na zile beti za Saadi zimewekwa kwenye vibao juu, katikati, chini, kama vile ni sehemu ya ujenzi wa jumba lenyewe, huwezi kusema hapa khati imeisha hapa picha imeanza. Na jina la Bihzad liko wapi? Limeandikwa kwenye ukuta wa jumba, kama nakshi. Wallahi nilipoligundua nililitafuta nusu saa kwa kioo cha kukuzia.

Sasa nizungumze pesa, maana mmeanza kupiga miayo na pesa huamsha watu.

Mir Emad, mzaliwa wa Qazvin, wengi wanamhesabu kuwa kilele cha nastaliki. Alikuwa Isfahan zama za mfalme Shah Abbas. Husimuliwa kwamba Shah alimpelekea tumani 70 amwandikie Shahnama. Mwaka ukapita, Shah akatuma mtu akachukue kitabu. Mir Emad akampa beti 70 na salamu kwamba pesa za Mheshimiwa zilifika hapo. Shah akakasirika akazirudisha anataka pesa zake. Mir Emad akachukua mkasi, akazikata beti moja moja, akawagawia wanafunzi wake, kila mmoja akatoa tumani moja, tumani 70 zikapatikana palepale zikarudishwa. Raha kuisikia, si ndiyo? Hata mimi niliposikia nilitaka nikawafanyie hivo wateja wangu wawili watatu. Lakini Mir Emad alikuwa na mpinzani, Ali Reza Abbasi, yule aliyeandika maandishi ya msikiti wa Sheikh Lutfullah, na husemwa Shah mwenyewe alikuwa akimshikia huyo mshumaa anapoandika. Mir Emad aliuawa usiku, Isfahan, mwaka 1615. Na barazani kwa watu kisa kikaongezwa mkia, kwamba mfalme Jahangir wa India aliposikia alisema wangenipa mimi akiwa hai ningewalipa uzito wake kwa vito.

Kitu kimoja kuhusu Mir Emad na wenzake kabla sijaendelea. Kuna karatasi zao za mazoezi, siyah mashq, mazoezi meusi. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo mtu anafanya mazoezi ya herufi ileile juu ya herufi, anageuza karatasi kichwa chini anaandika tena, mpaka inakuwa nyeusi karibu yote, weupe umebaki vichochoro tu. Hazisomeki. Lakini watu wakaanza kuzihifadhi, wakazitia fremu za dhahabu. Mazoezi! Mimi gazeti nililofanyia mazoezi lilifungiwa samaki.

Jambo la mwisho, nalo linaniuma, kwa hiyo mtanisamehe nikipandisha sauti.

Kulikuwa na Shahnama moja ya Shah Tahmasp, ilianzwa Tabriz miaka ya 1520, karatasi 759, picha 258, kila ukurasa mkubwa kama sentimita 47 kwa 32, pambizo zimenyunyizwa dhahabu. Kizazi kizima cha mafundi walitia mkono. Kuna picha humo ya Sultan Muhammad, mfalme wa kwanza Gayumars yuko juu ya mlima na watu wake wamevaa ngozi za chui, na ukisogea karibu majabali yenyewe yana nyuso, watu na wanyama wamejificha kwenye mawe. Mwaka 1544 Dust Muhammad, khattati wa zama zilezile, aliandika kwamba wachoraji hodari waliinamisha vichwa kwa haya mbele ya picha hiyo. Shah Tahmasp akakitoa kitabu zawadi kwa Sultan Selim wa Pili wa Waturuki, kikafika mwaka 1568. Kikakaa salama miaka mia tatu na ushei. Kikaja kwa tajiri Rothschild, Ufaransa. Mwaka 1959 akakinunua Mmarekani Arthur Houghton.

Na Houghton akakifungua uzi.

Nimesema akakifungua uzi. Akakitenganisha. Picha 78 zikaenda makumbusho ya Metropolitan ya New York, nyengine zikauzwa moja moja, mnada huu, mnada ule. Kitabu kilichovuka vita na wafalme na safari za ngamia kikavunjwa katika nyumba ya amani. Mwaka 2011 ukurasa mmoja uliuzwa London zaidi ya pauni milioni 7. Mwaka 2022 mwengine, zaidi ya milioni 8. Ule wa Gayumars uko Toronto, makumbusho ya Aga Khan. Na yaliyobaki, pamoja na picha 118, yalirudi Iran mwaka 1994, na mjue yalivyorudi: kwa kubadilishana, kwenye uwanja wa ndege wa Vienna. Iran ilitoa mchoro wa Willem de Kooning, Woman III, mwanamke wa uchi wasingeweza kumtundika, wakapokea kitabu chao. Mchoro huo mwaka 2006 uliuzwa dola milioni 137.5. Kuna wanaosema Iran ilipunjwa. Mimi nasema hapana, na mkitaka tubishane nipo mpaka saa mbili.

Kwa nini linaniuma? Pesa waache wale. Linaniuma kwa sababu ya ule ubao wa nyuzi. Ukurasa wa kushoto uliandikwa ukijua wa kulia, mistari inatazamana, ukifunga kitabu beti zinalala juu ya beti. Ukiuchomoa mmoja ukautia fremu ukutani, watu wanakuja wanasema picha nzuri, farasi mzuri, na zile beti za pembeni wanaziona kama mapambo. Shairi limeanzia ukurasa ambao uko mji mwengine na litaishia kwa mtu ambaye hata hatajwi jina. Kilitengenezwa kiwekwe mapajani, mtu asome, afunue, ndipo farasi atokee.

Sisi wenyewe hapa pwani tuna misahafu ya Siyu, kisiwa cha Pate, karne ya 18 na 19, nyekundu na nyeusi na njano, ni khati nyengine na mkono mwengine kabisa, siichanganyi na hii. Ila kama kwenu kuna kitabu cha babu kwenye sanduku, na mtu akaja akasema nitanunua huu ukurasa wenye maua tu, mwambieni aende zake. Mwambieni kitabu ama chote ama hakuna.

Haya nimemaliza, sauti yenyewe imekwisha. Pale meza ya nyuma nimeweka mbao nne za nyuzi, nimezitengeneza kwa maboksi ya sabuni na uzi wa cherehani, karatasi ziko, kalamu za tete ziko sita nimezichonga jana. Njooni mpitishe kidole gumba. Mama na huyo mtoto, wewe anza, tena mpe yeye kwanza, ana kidole kidogo hatakata uzi.